Mutheu Hakulia Kasualti

Leo nimejua mtoto asiyelia haonekani kama mgonjwa.

Mutheu wangu, golikipa wa darasa la tano, ameangukia mkono akidaka mpira shuleni huku Matinyani. Mwalimu akaufunga na kadibodi ya boksi la chaki, nikaitwa, tukakimbia hospitali.

Kasualti imejaa, wengine wamekaa sakafuni. Nesi ni mmoja, anachukua kwanza wenye wanapiga kelele.

Sisi tuko kwa benchi tangu saa nne. Mutheu ametulia tu, kama mtu anangoja kunyolewa.

Mama mmoja kando yangu akaniambia polepole, "Mfinye kidogo alie."

Sikumfinya. Nikamwambia tu, lia.

Akaniangalia. "Si ulisema nikilia mbele ya watu utanichapa?"

Ni kweli, nilisema. Hata mimi nililelewa hivyo. Sijui nyinyi mlilelewa aje.

Saa tisa ndio daktari ameushika huo mkono. Umevunjika mahali pawili.

"Kwani huyu hasikii uchungu?" daktari akaniuliza.



Sasa tuko nyumbani na plasta. Nimefunga mlango, nikamwambia hapa hakuna watu, anaweza kulia.

Amesema, "Mama, ilishapita."