Tathmini ya Mama Faili

Vijana walimwita Mama Faili, maana hakuonekana bila jalada kwapani. Alikuwa ofisa ustawi wa jamii, mwaka wa kumi na tisa kazini, na kituo cha kurekebisha watoto waliovunja sheria alikianzisha mwenyewe kwenye ghala kuukuu lililovuja.

Mwaka huo wafadhili walitaka tathmini. Taarifa za nyuma zilihesabu waliohitimu tu: arobaini na wawili, makofi, picha. Safari hii waliuliza jambo moja: wangapi wamerudia uhalifu?

Akavaa raba, akawasaka mmoja mmoja. Wiki sita alibisha milango na kuzunguka vituo vya polisi. Jioni mumewe alimkanda miguu bila kumuuliza kitu. Uso wa mkewe ulikuwa umeshasema.

Wa mwisho alikuwa Sindano, binti aliyewapita wenzake wote darasa la ushonaji. Alimkuta gereza la wanawake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Imekuwaje tena?"

"Kushona mlinifundisha, mama. Cherehani ikabaki kwenu. Nyumbani nimekuta njaa ileile na baba wa kambo yuleyule." Akacheka kidogo. "Ningeshona kwa meno?"

Mama Faili akafungua jalada, akaliongeza jina lake.

Jumla ya waliorudia ikawa ishirini na tisa. Mkuu aliyewekwa kukiendesha kituo chao aliisoma, akafunga mlango.

"Dada, hii ikienda tumekwisha. Andika kumi."

"Nikiandika kumi, hizo cherehani nani ataona zinahitajika?"

Aliandika ishirini na tisa, na chini yake kurasa nne za yaliyopungua: vifaa vya kuanzia kazi, mtu wa kuwatembelea nyumbani. Wafadhili walisoma tarakimu, hizo kurasa nne hawakuzigusa. Baada ya miezi miwili kituo kilifungwa.

"Lakini ulisema kweli," mumewe alimwambia.

"Kweli imemlisha nani?"

Jumatatu iliyofuata aliitwa mahakamani. Kizimbani alisimama mtoto wa miaka kumi na mitatu, aliyeiba betri ya gari.

"Ofisa, una mahali pa kumweka?" hakimu aliuliza.

Miaka yote hiyo jibu lilikuwa ndiyo.

"Sina, mheshimiwa."

Ikaamriwa apelekwe mahabusu ya watu wazima. Mama Faili akamsindikiza hadi kwenye karandinga. Mtoto alimuuliza kama huko ndani kuna watoto wenzake. Askari akafunga mlango.