Mwenye Nyumba Alimkodi Mama Yangu

Mama yangu mzazi alinikana mchana kweupe, mimi nikiwa nimesimama mlangoni kwetu na ndoo ya maji mkononi.

"Huyu ni mtoto wa jirani," alisema. "Huwa ananisaidia kuteka maji."

Hakunitazama usoni.

Kama uko mezani unakula, maliza kwanza ndiyo usome. Mimi mpaka leo nikikumbuka kisa hiki kichefuchefu kinanipanda.

Tulikuwa tunaishi chumba kimoja, mimi na mama, basi. Kitanda, pazia katikati, godoro langu upande wa pili, jiko la mkaa nje ya mlango. Mama anauza mboga za kutembeza, na sauti yake inajulikana mtaa mzima.

Nilikuwa nimemaliza sekondari, nimefaulu vizuri, na chuo kimenipokea. Kilichobaki ni ada. Kwa hali yetu, hiyo ada ilikuwa kama kuambiwa ninunue meli.

Tumaini langu lote lilikuwa ruzuku ya serikali, ile wanayopewa wanafunzi wa familia zisizo na uwezo. Unapeleka maombi, afisa anakuja nyumbani kuona kama kweli mna hali ngumu, akiridhika serikali inakulipia chuo. Sharti lake moja tu: kila nyumba, mtoto mmoja.

Sasa siku hiyo natoka bombani, nakuta chumba kimejaa.

Juu ya kitanda, ubavuni kwa mama, amekaa binti wa mwenye nyumba wetu. Baba yake tulimwita Manukato, maana harufu yake ilikuwa inafika kabla yake. Binti mwenyewe ni mtoto wa kuogea maji ya moto, simu yake tu ingetosha kulipa kodi yetu ya mwaka.

Lakini siku hiyo alivaa gauni kuukuu la mama, limechanika begani. Nywele timtim. Miguu ameipaka vumbi. Nasema ameipaka, kwa sababu vumbi liliishia kwenye vifundo, na kuanzia hapo kwenda juu ngozi ilikuwa inang'aa mafuta.

Mbele yao, kwenye kigoda chetu, amekaa afisa wa ruzuku na kitambi chake, anaandika.

"Kwa hiyo mama, mtoto wako ni huyu binti mmoja tu?"

"Mmoja tu," mama akajibu.

Ndipo afisa akanigeukia mimi na ndoo yangu, akauliza huyu naye ni nani. Jibu umeshalisikia.

Niliweka ndoo chini nikaondoka. Nilitembea mpaka miguu ikakataa. Niliporudi, mama alikuwa amekaa gizani, hajawasha hata taa.

"Manukato alisema nikikataa tufungashe leo leo," alisema. "Kodi tunadaiwa, unajua. Akasema ni maneno tu, maneno hayapunguzi kitu ndani ya nyumba."

"Na mimi, mama?"

"Si na wewe utaomba ya kwako? Kwani serikali ina mfuko mmoja?"

Maskini, hakujua lile sharti. Nilipomwambia, alishika kichwa kwa mikono miwili. Nilimwonea huruma. Tena nilikuwa na hasira naye, siwezi kudanganya.

Maombi yangu niliyapeleka hivyo hivyo. Jibu likaja kwa simu: nyumba yenu imeshanufaika. Yaani nyumba yetu imenufaika, mimi mtoto wa nyumba hiyo nimekaa kwenye godoro natoa macho!

Nikaenda ofisini kwa yule afisa. Nilimkuta anachokoa meno na kijiti, kila akimaliza jino moja anakifuta kwenye faili lililo mbele yake. Faili la mtoto wa mtu.

"Wewe si yule mtoto wa jirani?" akasema.

"Yule ni mama yangu mzazi, bosi. Binti uliyemwona pale ni wa mwenye nyumba."

Jamaa akacheka mpaka kitambi kikatikisika.

"Nyinyi vijana mna mambo. Siku hizi mnakodi mpaka mama? Yule mama alisema mbele yangu ana mtoto mmoja, na cheti cha kuzaliwa cha binti nimekiona."

"Cheti kimetengenezwa!"

"Unataka kusema mimi sikukagua?"

Hapo nikaelewa. Hata kama ukweli ungevuliwa nguo na kusimamishwa juu ya meza yake, asingeutazama, kwa sababu kuutazama ni kujishtaki mwenyewe. Baadaye watu wa pale nje waliniambia Manukato na yule afisa ni washikaji wa siku nyingi. Nilitema mate kwenye ua wa ofisi yao na sijutii.

Nikalalamika ngazi ya juu. Muda ukapita, binti wa watu yuko chuo anapiga picha maktaba na miwani isiyo na lenzi, mimi niko nyumbani nabeba mizigo sokoni. Hatimaye akatumwa mkaguzi, mama mmoja mfupi mwenye viatu vya raba na maneno machache.

Kumbe Manukato alishapata habari. Alikuja asubuhi hiyo, chumba kikanuka marashi mpaka mboga zikanuka.

"Mama, mkaguzi akija unasema lile lile. Ukibadilisha, kufuli hili hapa." Akamwonyesha kabisa kufuli, jipya, bado liko kwenye karatasi yake.

Mkaguzi akaingia. Manukato kasimama mlangoni, eti jirani mwema.

"Mama, yule binti aliye chuoni ni mwanao?"

Mama akamtazama Manukato. Akanitazama mimi.

"Ndiyo. Ni mwanangu."

Mara ya kwanza ningesamehe, hakujua. Lakini mara ya pili, anajua kila kitu, tena mbele ya mtu pekee aliyekuja kunisikiliza? Nikainuka nitoke nje nisije nikasema neno la laana kwa mzazi wangu.

"Kaa chini," mama akaniambia. Kisha akamgeukia mkaguzi. "Na kwa kuwa ni mwanangu, na wiki hii yuko likizo, nataka kuhamia kwake. Mimi ni mtu mzima, nimechoka. Nisindikize, dada, nyumba si mbali."

Alikuwa ameshafunga kibunda chake. Sikujua alikifunga saa ngapi.

Manukato akabaki anafungua mdomo na kuufunga. Angesema nini? Angesema huyo si mama yake?

Tukaenda kundi zima: mama mbele na kibunda kichwani, mkaguzi, mimi, na Manukato nyuma anatokwa jasho. Mama akafungua geti la Manukato bila kubisha hodi, akaingia sebuleni, akavua viatu, akajitupa kwenye sofa na miguu juu.

"Mwanangu!" akaita kwa ile sauti yake ya kuuzia mboga. "Mama yako amekuja! Lete maji!"

Binti akatoka chumbani, rangi ya kucha bado mbichi. Akamwona mkaguzi. Akamtazama baba yake.

"Mpe... mpe mama yako maji," Manukato akasema kwa sauti ya mtu anayemeza kokoto.

Maji yakaja. Mke wa Manukato naye akatokea mlango wa jikoni, mwiko mkononi.

"Sasa nikande miguu, mwanangu. Huu wa kulia ndio unaouma."

Binti akapiga magoti. Akashika mguu wa mama, mguu uliotembeza mboga miaka yote ile, nyufa tupu. Uso aliokunja, utadhani kashika panya aliyekufa. Nikamwona mke wa Manukato anapiga hatua mbele na mwiko wake.

"Huyu mtoto," mama akamwambia mkaguzi huku akimpapasa binti kichwani, "nilimzaa kwa tabu sana. Nusura anitoe roho."

"Muongo!"

Ni mke wa Manukato. Mwiko ukaanguka.

"Muongo mkubwa wewe! Nilimzaa mimi! Nilipasuliwa, kovu ninalo hapa! Mwanangu mimi azaliwe na muuza mboga? Toa mkono wako kichwani kwa mwanangu!"

"We mwanamke, nyamaza!" Manukato akapiga kelele.

"Sinyamazi! Dili zenu za ruzuku ni zenu, mtoto ni wangu!"

Mkaguzi akafunga daftari lake, akamgeukia mama.

"Asante, mama. Unaweza kuvaa viatu."

Binti alinyang'anywa ruzuku. Yule afisa wa kitambi alihamishwa ofisi nyingine, na nasikia huko ni mkubwa zaidi, kwa hiyo msishangilie sana. Sisi lile kufuli tulilikuta mlangoni kabla jua halijazama, tukaomba hifadhi kwa mama mmoja muuza mkaa. Ruzuku yangu ilitoka muhula wa pili.

Siku ilipotoka nilirudi mbio kumwambia mama. Nilidhani atapiga vigelegele. Aliendelea kufunga mafungu ya mboga.

"Yule mke wa Manukato," akasema, "namchukia sana. Lakini amenishinda. Alikuwa na nyumba ya kupoteza, mume anamfokea, serikali imekaa sebuleni kwake, na bado kumkana mwanawe kulimshinda. Mimi nilikukana kwa kodi ya chumba."

Nikachuchumaa, nikamsaidia kufunga mboga.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ni kweli, ila wanaoikanyaga huwa wanapita kwanza juu ya watu. Wewe mwenye uwezo unayempaka mwanao vumbi ili apate ruzuku ya maskini, jua kwamba huibi fedha peke yake. Kuna mzazi mahali ulimlazimisha aseme neno ambalo mpaka leo linamnyima usingizi.

Mnanitia kinyaa.