Uzi wa Pindoni

Dorkas hakuwa fundi wa kuona mpasuko akaupita. Kijijini kwao Mhezi, akina mama wa usharika wa kanisa walimfundisha kushona vitambaa vya altare kwa uzi uliochomolewa kwenye pindo la kitambaa chenyewe, hata mchungaji asijue kilichanikia wapi. Mikono hiyo ndiyo iliyomponza.

Watafiti waliompa kazi ya kulinda fremu zao zilizowambwa vitambaa vya majaribio, nje kidogo ya mji wa Same, walimwambia jambo moja tu: vitambaa visiharibike. Walimaanisha mbuzi wasivitafune. Jua liliviunguza, feni kubwa ya watafiti ikavipulizia vumbi lenye chembe za mawe, na Dorkas akafukuza mbuzi kwelikweli. Vitambaa vikachanika hivyo hivyo. Akajua ataitwa mzembe, basi akachomoa uzi pindoni, akavishona vyote. Mzigo wa kwanza ukachukuliwa na gari, ukasifiwa, naye roho ikatulia.

Ikatulia mpaka Anold, mtafiti kijana, alipofuata mzigo wa pili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hivi hasa ni vya nini, mwanangu?"

"Mavazi ya wanaanga. Kwenye sayari nyingine vumbi linakula nguo kama msasa. Tunataka tujue kipi kitachanika, maana kikichanikia kule, hewa inatoka na mtu anakufa palepale."

Anold alikuwa akipapasa kitambaa cha kwanza huku akitabasamu.

"Hiki kimestahimili! Kama wenzake wa mzigo uliopita."

Jamani, kuna hofu na hofu. Ile ya kuitwa mzembe ilikuwa mchezo wa watoto. Sasa alimwona mtoto wa mwenzake, mbali kusikofika msaada, akibana kwa kiganja nguo inayovuja. Na akinyamaza, nani atajua? Kazi yake ilikuwa safi mno. Hilo lilimtisha kuliko yote.

Akachukua wembe wake wa kukatia uzi, akamnyang'anya Anold kitambaa, akakata nyuzi. Mpasuko ukafunguka wote.

Anold akapitisha vidole mpasukoni hadi upande wa pili, akavitazama.

"Nilidhani mtasema nimeviharibu mimi," Dorkas alisema. "Nikavishona."

"Mama... na vile vya mzigo wa kwanza?"

Dorkas aliuweka wembe chini.

"Vyote, mwanangu."

Anold alikwisha kuweka simu sikioni, akiwatafuta wenzake waliopokea mzigo wa kwanza. Ilikuwa inaita tu, haipokewi.