Nilimtafuta profesa wa hesabu aniambie kama ziwa litafika kwa mama, Rumonge

Wakuu, amahoro. Hiki ni kisa changu mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Mimi ni Mrundi niliyekulia ukimbizini Tanzania. Tuliporudi, mama alijenga Rumonge, karibu na ziwa. Siku hizi Tanganyika inapanda, na msimu mmoja maji yalifika kwenye michikichi ya jirani.

Nikamwambia mama ahamie Bugarama, huko juu milimani, kwa dada yake. Akagoma.

"Nilikimbia mara moja, mutoto wangu. Sikimbie tena."

Nikaona mimi hatanisikia. Nikaingia website ya chuo kimoja, ukurasa wa walimu wa hesabu na kompyuta, pale wanapoandika kila mmoja anatafiti nini.

Jamani, wale watu! Mmoja namba tasa, mwingine usalama wa mitandao, mwingine anafundisha mashine kutambua picha. Nilisoma kama menyu ya hoteli nisiyoiweza.

Chini kabisa nikamkuta wa modeli za hesabu za maji ya maziwa. Niliruka kwa furaha.

Nikamtumia email nikijua atanipuuza. Akanipigia!

Ila akasema hesabu zake ni za ziwa zima, hazijui mlango wa mtu. Mimi nilitaka anipe tarehe. Siwafichi, nilivunjika moyo.

Nikamwomba basi aongee na mama. Simu nikaiweka loudspeaker.

"Professeur, ile maji itafika kwangu ama haitafika?"

"Mama, sijue. Inaweza kufika."

"Bon. Kama ingekuwa mama yako, ungemuacha alale humu?"

Profesa akashusha sauti.

"Hapana, mama. Ningemutoa."

"Murakoze," mama akamshukuru, akaanza kukunja mashuka. Hata chai hakumaliza.

Mvua zikaja, zikaisha. Maji hayakufika. Nyumba iko kavu, majirani wananicheka, na mama huko Bugarama kaninunia.

Nikampigia profesa kwa hasira, nimwambie kakosea. Yule bwana akacheka kwa furaha mpaka nikatulia mwenyewe.

"Asante Mungu," akasema. "Kama ni kukosea, nilitaka tukosee hivi."

Nilichojifunza: ukishamuuliza mtaalamu anajua nini, muulize pia yeye angefanyaje kwa mtu wake.

Mama bado amenuna. Lakini yupo, na anune tu.

Nyie mngemhamisha au mngemwacha? Hata wa kunisema vibaya karibuni.