Mshauri wa Tairi

Juzi pale Kiberege, kwa fundi wa pancha, mwenye gari mmoja, aliyekuwa na watoto wake garini, alishindwa kuamua azibe tairi au anunue jingine. Kisiki kilikuwa kimelitoboa ubavuni.

Mfugaji aliyekuwa akipita akainama, akalibonyeza kwa kidole gumba.

"Usizibe, kaka. Hapa kiraka hakishiki. Litakupasukia njiani na hao watoto."

Fundi akaafiki kwa kichwa. Likafungwa jingine, gari likaondoka.

Nikajiuliza, mchunga ng'ombe kajulia wapi mambo ya tairi? Kumbe amebaki palepale, kachomoa kijiti mfukoni, anapima lile bovu.

"Leo unalikatia viatu vya nani?" fundi akamuuliza.

"Vya mama watoto."

Ushauri wake ulikuwa sahihi kabisa. Ila tangu siku hiyo, mtu akiniambia nitupe kitu, namtazama kwanza miguuni.