Barua Iliyotemewa Pombe

Usiku kucha Tryphena wa Mwanda hakupata lepe la usingizi. Alitega sikio, asikie kama lori la Gibson linarudi kutoka Voi na habari za bintiye. Alikuwa ametuma barua, ya kwanza maishani mwake. Bi Elsie, Mzungu aliyekuja milimani kuwafundisha watu wazima kusoma, alikuwa amewaambia akina mama kwamba neno lolote la kinywani sasa laweza kuandikwa.

Tryphena alikuwa nalo neno. Mwaka mzima alikuwa amemnunia bintiye Peris kwa kutorokea kwa Munyao, Mkamba wa reli. Sasa mimba ya Peris ilikuwa imepitisha siku zake, na pale Mwanda nani asiyejua kwamba hasira ya mama humfunga mtoto asizae? Dawa ni kutasa: unatia pombe ya miwa kinywani, unaipuliza kama manyunyu, unatamka kwamba hasira imetoka.

Jioni ile, kabla lori halijaondoka, aliandika: “Peris, hasira imetoka. Mama.”

Mama mkwe wake, Wakio, akaigeuzageuza karatasi. “Na mate yako wapi?”

“Mama, hii ni barua. Bi Elsie anasema maneno yanatosha.”

“Huyo Bi Elsie amezaa wangapi?”

Hakuwa amezaa hata mmoja. Basi Tryphena, mke wa mzee wa kanisa, akafunga dirisha, akajaza mashavu pombe ya mkwewe, akaitemea barua. Fyuu! Wino ukatawanyika, yakabaki madoa matupu. Huko nje Gibson alikuwa akipiga honi. Muda wa kuandika nyingine haukuwapo; akampa hiyohiyo.

Lori lilirudi alfajiri.

“Nilimpa Munyao,” Gibson akasema. “Akaniuliza kama ni ramani. Kisha akaingia ndani, akafunga mlango.”

“Na Peris?”

“Sikumwona, mama.”

Tryphena akapanda lori lilelile, kanga imepinduka ndani nje. Kufika kwenye nyumba za reli, akabisha. Akabisha tena.

“Nani?” Ilikuwa sauti ya Peris.

“Mama yako. Ile barua iliharibika, mwanangu. Ilikuwa inasema…”

“Sikuisoma. Niliinusa. Saa ileile uchungu ukanishika.”

Mlango ukafunguka. Peris alisimama na kichanga kifuani, mashavu yamefura. Kabla Tryphena hajatamka kitu, fyuu! Maji yakamlowesha uso mzima.

“Na yangu imetoka,” Peris akasema. “Ingia.”