Walinikata Kilimi Niende Runinga

Mnaosoma haya mkiwa na chai mkononi, iwekeni kando kwanza.

Kabla koo langu halijaoza, mimi Mutwiri nilikuwa kero ya Kanyakine nzima. Nilitunga nyimbo za kuchekesha: maharagwe ya shule yenye wadudu, jogoo wa pasta anayewika katikati ya mahubiri. Mtu wa runinga akanisikia kwenye harambee ya kanisa. "Kijana, njoo Meru mjini tukurekodi." Kijiji kizima kikajua.

Wiki hiyo hiyo koo likavimba upande mmoja. Kumeza mate ilikuwa kumeza miiba, kwa hivyo niliyaacha yatiririke mpaka shati likanuka. Na pumzi yangu je? Mbwa wetu alinusa mara moja, akahama.

Anti Karimi, dadake Mama, akanimulika kwa tochi ya simu. "Ni kilimi," akasema, yaani kale kanyama kanakoning'inia kooni. "Kimeshuka. Kikatwe, sauti itoke safi hata usihitaji maikrofoni." Yeye mwenyewe alikatwa akiwa mdogo.

Fundi wa kukata vilimi, aliyeitwa na Anti, alikuja na waya wenye ndoano. Akaupangusa kwa suruali, ile ile aliyovaa akikamua ng'ombe. Kwach! Nikatema damu na kipande changu chini. Kuku akakidonoa.

Sauti safi? Homa ilipanda, mdomo ukakataa kufunguka, nikawa nakoroma nikiwa macho. Mama akamfokea Anti, akanikimbiza hospitali.

"Nani alikata huyu?" daktari akauliza. "Kilimi hakikuwa na kosa. Usaha uko huku kando!"

Akatoboa. Ukanijaa mdomoni, wa vuguvugu, mzito kama uji uliochacha. Nesi mwenyewe aligeuza uso. Lakini hewa ikaingia. Nikalia kwa raha.

Sindano ziliniponya, ila bila kilimi chai ilitokea puani, na sauti ikabaki ya puani. Nikajua uchekeshaji umeisha.

"Enda hivyo hivyo," Mama akasema. "Waliita wewe, hawakuita kilimi."

Nikaenda. Mbele ya kamera nikaimba kuhusu fundi, waya na kuku. Mpiga picha alicheka mpaka kamera ikatikisika.

Namshukuru Mungu, Mama na yule daktari. Koo likivimba, nenda hospitali. Usimfungulie mdomo mtu aliyetoka kukamua.

Juzi mtoto wa jirani alivimba koo. Anti ndiye aliyembeba mbio hospitali. "Asikatwe," alimwambia mama ya mtoto. "Mwimbaji wa puani tuko naye mmoja, anatosha."